Kunde za Bi Ozella

Kuna watu wakilamba kijiko kimoja cha kunde wanatokwa na machozi. Nawajua, nimekua nao. Mwaka mzima wako Atlanta huko wanakula majani na vyakula vya kwenye boksi, halafu ikifika tarehe moja Januari wanakumbuka kwamba na wao wana kwao. Wanapanda magari yao ya kung'aa, wanakuja hapa Kellam kulilia sahani ya kunde na sukuma wiki, chakula chetu cha bahati cha Mwaka Mpya, na wakishamaliza kulia wanauliza kama zimebaki za kubeba. Bi Ozella Tarver alikuwa na watoto watatu, na wawili kati yao walikuwa watu wa namna hiyo. Wa tatu, Arnetta, ndiye aliyekuwa jikoni.

Siku hiyo ya Mwaka Mpya alikuwa jikoni tangu saa kumi na mbili asubuhi. Alikuwa ameshabandika kongoro la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, pamoja na kitunguu kizima na pilipili moja kavu, kwa sababu kunde za kwetu hazianzi na kunde. Zinaanza na nyama. Nyama ichemke peke yake mpaka maji yabadilike rangi na nyumba nzima inukie, ndipo kunde ziingie, na chumvi isiguswe mpaka mwisho kabisa, maana kongoro lenyewe lina chumvi yake. Anayetia chumvi mapema ni yule asiyejua kupika, au yule aliyesahau.

Bi Ozella alikuwa amesahau. Alikuwa na miaka sabini na tisa, amesimama kando ya jiko na upawa mkononi, amevaa gauni lake la kanisani ambalo Arnetta alikuwa amemvalisha mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alilivua na kulikunja akaliweka ndani ya friji.

"Nimetia chumvi?" akauliza.

"Umetia, Mama."

Hakuwa ametia. Kopo la chumvi lilikuwa kwenye mfuko wa aproni ya Arnetta, pamoja na vishikio vitatu kati ya vinne vya kuwashia jiko. Vyote vinne Arnetta alikuwa akiving'oa kila alipomaliza kupika, tangu siku ile pazia liliposhika moto.

"Basi tia tena kidogo. Wanangu wanakuja leo."

"Wanakuja, Mama."

"Bernadine anapenda kunde laini."

"Najua."

"Kumbe Bernadine unamjua?"

"Ni dada yangu, Mama."

Bi Ozella akamtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu anayesema uongo mbele ya mchungaji. "Haya," akasema, akarudi kukoroga.

Arnetta alikuwa na jambo moja tu la kuwaambia ndugu zake, na wiki nzima alikuwa akilifanyia mazoezi kule kiwandani, huku anatoa mifupa kwenye mapaja ya kuku. Miezi minne minne. Kila mtoto akae na Mama miezi minne kwa mwaka, basi. Hakutaka pesa. Hakutaka shukrani. Novemba Mama alikutwa na mlinzi wa reli, yuko na shumizi tu kwenye baridi, anamsubiri mume wake aliyekufa miaka kumi na tisa iliyopita ashuke kwenye treni. Siku ile Arnetta aliacha zamu katikati kwenda kumchukua, akapewa barua ya onyo, na ilikuwa ya pili. Kiwandani kwao ya tatu huisomi, unaonyeshwa mlango. Akifukuzwa, watakula nini yeye na Mama? Na asipofukuzwa, nani atakaa na Mama? Alikuwa na miaka arobaini na sita, na hakukumbuka mara ya mwisho alipolala mpaka kukapambazuka.

Kwa simu alikuwa amewaambia yote hayo. Bernadine alijibu, "Tutakuja tuone wenyewe." Neno zuri hilo. Kama vile mtu anaenda kukagua bati lililovuja.

* * *

Bernadine alifika saa nne na nusu, akaegesha mbele ya baraza, na hakushuka. Injini ikaendelea kunguruma. Arnetta alingoja dakika kumi, kisha akatoka nje anajifuta mikono, akagonga kioo. Kioo kikashuka vidole vinne.

"Heri ya Mwaka Mpya, mdogo wangu. Umekonda!"

"Shuka basi, dada."

"Siwezi kuingia kabla ya mwanamume. Lonnell amefika?"

"Yuko njiani. Bado saa nzima."

"Basi namsubiri. Au unataka nimletee Mama mkosi?"

Ni kweli tuna desturi hiyo, na hata mimi naifuata: siku ya Mwaka Mpya mguu wa kwanza wa mgeni kuvuka kizingiti uwe wa mwanamume, mwanamke akitangulia mwaka unaharibika. Wazee wetu walikuwa wakimlipa mvulana wa jirani apite sebuleni, basi, shughuli imekwisha. Jirani alikuwepo. Mzee Hosea, nyumba ya pili, yuko barazani kwake amekaa anatazama watu. Angeitwa angekuja kwa nusu ya mkate wa mahindi.

"Nimwite Mzee Hosea apite?" Arnetta akauliza.

"Yule mlevi? Mwaka wangu niufungue kwa yule?"

"Bernadine, kuna sukuma za masinki mawili hazijaoshwa. Na Mama huko ndani yuko peke yake na moto."

"Sasa si ndiyo uende? Unasimama hapa unaongea na mimi wakati Mama yuko peke yake na moto!"

Kioo kikapanda. Arnetta akakimbia ndani, akamkuta Mama ameshika pakiti ya kahawa juu ya sufuria, anatafuta pa kuichania. Akampokonya taratibu, akampa upawa tena. Dada yake alikaa kwenye gari saa moja na robo, kiti cha kupasha joto kinamchemsha makalio, anaongea na simu, anacheka. Nimeishi na desturi zetu maisha yangu yote, lakini sijawahi kuona inayoheshimiwa kwa raha kiasi kile.

Lonnell alitokea saa sita kasoro. Ni mtu mkubwa, kifua mbele, shuleni alicheza mpira na mpaka leo anatembea kana kwamba kuna watu wanampigia makofi. Akapanda ngazi za baraza kwa madaha, akavuka kizingiti, akainua mikono yote miwili.

"Mwanamume ameingia! Bahati hiyo, ipokeeni!"

Nyuma yake Bernadine akaingia na manukato yake, na wote wawili wakasimama mlangoni mwa jikoni. Kwa sababu hapo ndipo walipomwona Mama. Amesimama kwenye jiko, gauni la kanisani, mvuke unampanda usoni, anakoroga. Kwa mkono wa kulia anakoroga, wa kushoto ameuweka kiunoni, kama alivyokuwa akifanya miaka arobaini. Arnetta alikuwa ameinama kwenye sinki anaosha sukuma, kwa hiyo hawakumwona.

"Mungu wangu," Lonnell akasema. "Mwone mwanamke huyo."

"Usisogee, Mama, usisogee!" Bernadine akatoa simu, akapiga picha tatu. Moja ikaenda mtandaoni hapo hapo, na maneno kuhusu mikono iliyotulea. Mkono wa Arnetta ulionekana pembeni ya picha, Bernadine akaukata.

* * *

Chakula kilipokuwa kinamaliziwa, Bernadine alikagua nyumba. Alipitisha kidole juu ya rafu. Alifungua kabati la dawa akasoma vibandiko vyote kwa sauti, kama hakimu. Alirudi jikoni wakati Arnetta ameshazima moto na kung'oa vishikio vilivyobaki.

"Hee! Jiko hili mbona halina vishikio?"

"Ninavyo mimi." Arnetta akapiga mfuko wa aproni, vikalia.

"Unavyo wewe? Yaani Mama hawezi kuwasha jiko lake mwenyewe mpaka akuombe?"

"Aliunguza pazia, dada. Nilikwambia."

"Mimi juzi nimeunguza mkate. Mume wangu Preston mbona hajanifungia jiko? Unamfanya Mama mtoto mdogo, ndiyo maana anachanganyikiwa. Lonnell, njoo uone, jamani. Jela."

Lonnell akaja, akaona, akatikisa kichwa. "Si vizuri, Netta," akasema kwa upole, mdomoni ana kipande cha mkate wa mahindi alichochomoa kwenye kikaango kabla ya sala.

"Naomba tuongee kuhusu Mama," Arnetta akasema. "Sasa hivi, kabla ya—"

"Tule kwanza," Bernadine akamkatiza. "Mambo mazito hayaongelewi na njaa."

Wakala. Na hapa sina budi kusema ukweli, ingawa unanikera: kunde zile zilikuwa nzuri kupita kiasi. Kila punje nzima, lakini ukiibana kwa ulimi inalainika yenyewe. Mchuzi mzito, umeshika moshi wa nyama bila kuwa na mafuta ya kuelea, na pilipili inakuja mwishoni taratibu. Kunde za namna hiyo zinakufanya uamini kwamba nyumba uliyozaliwa bado iko vile vile, mama yako yuko vile vile, na wewe ni mtoto mwema. Hiyo ndiyo hatari yake.

Lonnell alikula vijiko vinne akaweka kijiko chini. Machozi yakaanza kumtoka, makubwa, ya mtu wa kilo mia moja na ishirini.

"Hizi ndizo," akasema. "Hizi ndizo zenyewe. Mama, hujabadilika hata kidogo."

"Kula, mwanangu," Bi Ozella akasema. Uso wake uling'aa. Kwa mwaka mzima Arnetta hakuwa ameuona uso ule.

"Mama, siri yake nini?" Bernadine akauliza, ameinua simu kurekodi.

"Nguruwe umchemshe kwanza," Bi Ozella akajibu bila kusita. "Na chumvi uiache mpaka mwisho."

Bernadine akashusha simu, akamgeukia mdogo wake kwa ushindi. "Umesikia? Umemsikia kwa masikio yako? Sasa wewe Arnetta unatupigia simu unalia, Mama hivi, Mama vile, Mama hajui jina lake. Mtu aliyepoteza akili anapika hivi?"

"Hawezi," Lonnell akasema. "Haiwezekani. Mkono haudanganyi."

"Mimi na Preston tulikuwa hatulali. Kumbe mama yetu ni mzima kabisa."

Arnetta alikuwa amesimama, jagi la chai ya barafu mkononi. Alifungua kinywa. Maneno yalikuwa mawili tu: *nimepika mimi*. Angeyasema, kila kitu kingekwisha, miezi minne minne ingeanza leo. Akamtazama Mama. Mama alikuwa ameketi kichwani mwa meza, kitambaa shingoni, anapokea sifa moja moja kama mtu anayepokea zawadi, anatabasamu kwa kila mmoja. Ukitaka kujua umaskini ni nini, ni hapo: una neno moja la kukuokoa na huwezi kulitumia bila kumvua nguo mama yako mezani. Arnetta akafunga kinywa.

"Nimepata onyo la pili kazini," akasema badala yake. "Nikipata la tatu basi. Sihitaji pesa zenu. Nimesema miezi minne minne."

"Umechoka, hatukatai," Bernadine akasema, sauti ya huruma ile ya kwenye simu za ofisini. "Lakini kumhamisha mtu mzima wa afya nyumbani kwake, kwa ajili ya zamu za kuku? Kuwa na haya kidogo, mdogo wangu."

"Kuna dawa za usingizi," Lonnell akasema. "Za mitishamba. Za kwako, siyo za Mama. Nitakutumia jina lake."

Ndipo Bi Ozella akageuka kwenye kiti, akamgusa Arnetta mkono.

"Binti, ongeza mkate hapa kwa wanangu." Kisha akawageukia wengine, akashusha sauti, lakini kila mtu alimsikia. "Huyu msichana ni hodari kweli. Yeye ndiye anapika kila siku. Mmemtoa wapi?"

Arnetta akawatazama dada yake na kaka yake, mmoja baada ya mwingine, na nakuapia walielewa. Niliwajua wale watu tangu wakiwa na kamasi; walielewa kila neno. Bernadine aliangalia sahani yake. Lonnell akatafuna kitu ambacho kilikuwa kimeshaisha mdomoni.

Halafu Bernadine akacheka.

"Mama na utani wake!" akasema. "Jamani, Mama! Mmemtoa wapi!"

"Hajaacha!" Lonnell akadakia, akapiga meza, akacheka mpaka bega likatikisika. "Hajaacha utani, mama huyu!"

Bi Ozella akaona wanacheka, naye akacheka.

* * *

Saa nane Lonnell alianza kutazama saa yake. Barabara itajaa, alisema, na kesho ana kazi. Bernadine akasimama, akajinyoosha, akafunua kifuniko cha sufuria.

"Zimebaki nyingi. Netta, una vile vyombo vya plastiki? Nifungie mimi viwili, Lonnell viwili. Preston anazipenda mno."

Arnetta aliingia chumbani kwa Mama, akakaa huko kama dakika tano, wakasikia droo zinafunguliwa na kufungwa. Alipotoka alikuwa na sanduku dogo la bluu mkono mmoja na koti la Mama mkono wa pili.

"Mama, vaa koti. Mnasafiri."

"Tunakwenda wapi?"

"Atlanta. Kwa Bernadine."

"Kwa Bernadine!" Bi Ozella akapiga makofi. "Kwa mwanangu! Sijawahi kulala kwake hata siku moja!"

Ilikuwa kweli. Nyumba yenye vyumba vitano, miaka kumi na miwili, hata siku moja. Bernadine alibaki na kifuniko mkononi.

"Arnetta, tusifanye mzaha. Wiki hii nina mikutano. Ngazi zetu—"

"Mmesema ni mzima kabisa."

"Ndiyo, lakini—"

"Mmesema kunde kapika yeye." Arnetta alimchukulia kifuniko, akafunika sufuria, akaifunga kwa kitambaa cha meza, mafundo mawili juu. "Mimi vyombo vya plastiki sina. Chukueni sufuria na mpishi wake."

"Lonnell, sema kitu!"

Lonnell alitazama dari. Kisha akasema kwamba kwa kweli kwake Charlotte ni mbali mno kwa mtu wa umri ule, Atlanta ni karibu, na yeye atachukua zamu inayofuata, au ile ya baada yake. Akambusu Mama kichwani akatoka haraka. Kishindo cha mlango wa gari lake kilisikika kabla Bernadine hajafunga mdomo.

"Kwani hutaki niende kwako?" Bi Ozella akauliza.

Ameshavaa koti. Vifungo vimekosea matundu, kimoja juu, kimoja chini. Alikuwa akimtazama mtoto wake mkubwa na tabasamu lile lile la mezani, na midomo imeanza kutetemeka. Sasa ilikuwa zamu ya Bernadine kuwa na neno moja la kumwokoa, na mtu ambaye neno hilo lingemvua nguo alikuwa mbele yake.

"Nataka, Mama," akasema. "Kwa nini nisitake?"

Walitoka wote watatu. Arnetta alimkalisha Mama kiti cha mbele, akamfungia mkanda, akamwekea sufuria mapajani juu ya taulo. Mama aliikumbatia kwa mikono yote miwili. Kiti kilikuwa kinapasha joto, akacheka kwa mshangao. Bernadine alikuwa ameshika usukani anatazama mbele, kama mtu aliyesimamishwa na polisi.

"Dawa za presha asubuhi na jioni," Arnetta akamwambia. "Mlango wa nje uweke komeo la juu, pale asipofika, kabla hajalala. Akiamka usiku anamtafuta Baba, usimwambie amekufa. Mwambie treni imechelewa. Ukimwambia amekufa analia upya, kila mara."

"Mpaka lini?" Bernadine akauliza. Manukato yake yote yalikuwa yameshindwa na harufu ya kunde.

"Miezi minne."

Arnetta alirudi nyuma hatua moja ili gari liondoke. Alitegemea kusikia raha, au angalau hasira. Alichosikia ni kwamba mikono yake haina kitu, na hakujua aiweke wapi, akaiingiza chini ya aproni. Alitaka kumbusu Mama na aliogopa kwamba akimbusu atamfungulia mkanda.

Kioo cha upande wa Mama kikashuka. Bi Ozella alikuwa amekibonyeza mwenyewe kwa bahati. Akachungulia nje, akamtazama yule mwanamke aliyesimama kwenye nyasi zilizokauka, akakunja uso kama anayejaribu kukumbuka alimwona kanisa gani.

"Binti," akasema. "Wewe umekula?"

Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hivyo siku nzima. Gari likaanza kurudi nyuma.

"Bado, Mama," Arnetta akasema.